Kofia ya Kukulia

Ninaapa, na mwenye kutaka Msahafu alete Msahafu, mwenye kutaka Biblia alete Biblia: haya ninayoyaandika ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Yalitokea Singida mwaka 2087, mchana kweupe, na walioyashuhudia ni watu wazima wenye akili zao na meno yao. Asiyeamini anyamaze kwanza, abishe mwishoni.

Mwaka huo, ukipanda juu ya jabali lolote pale mjini saa tatu za asubuhi, ungeona jambo la kukusahaulisha chai. Katika viwanja vya shule za chekechea, kofia za watoto zilikuwa zinageuka zenyewe. Mtoto akikimbilia huku, ukingo wa kofia unazungukia kule. Akiinama kuokota mpira, ukingo unateleza kichwani kama sahani na kusimama tena upande wa jua. Jua likipanda, ukingo unarefuka vidole viwili, vitatu, hata vinne, na nyuma linashuka shungi la kufunika shingo na masikio. Wingu likipita, kofia zote zinajikunja kidogo, kama watu walioshusha mizigo. Wenyeji waliziita kofia-alizeti, na katika mkoa wa alizeti jina halikuhitaji maelezo.

Watu walizihitaji kweli. Anga la wakati ule lilikuwa limechakaa kama chandarua cha bwenini, na jua lilipenya bila hodi. Ndani ya kila kofia mlikaa ubongo mdogo kama punje ya uwele. Kwenye paji la uso ulipita ukanda-hisi, utepe laini ambao kazi yake ilikuwa kuonja ngozi: kuna kichwa hapa au hakuna, kina joto gani, jua limekigusa au bado. Ukanda ukionja ngozi, kofia inafunguka na kuwinda jua. Usipoonja ngozi, kofia inajua imetundikwa msumarini, basi inajikunja kama kitufe na kulala, ili springi zake zisichoke bure.

Aliyebuni haya yote ni mhandisi Zaituni wa Karakana ya Vivuli, na alibuni kwa ajili ya mtu mmoja. Binti yake Rukaya, wa miaka minne, alizaliwa na ualbino; ngozi yake haikuwa na rangi ya kumkinga, na jua la saa sita lilitosha kumbabua kabla chungu cha ugali hakijachemka. Kabla ya kofia-alizeti, Zaituni alikuwa akichagua nguo za mtoto kama mtu anavyochambua mchele. Dukani aliinua gauni mbele ya dirisha, akapenyeza vidole chini ya kitambaa. Akiviona vidole vyake, anarudisha gauni. "Mimi nikiona ndani, na jua linaona," alimwambia muuzaji. Alitaka mikono mirefu, kola ya kusimama, kitambaa kilichofumwa kwa kushikana lakini chepesi, mtoto asichemke. Kapelo, zile kofia zenye ukingo wa mbele tu, hakutaka hata kuziona. "Hizi zinalinda pua na kuyauza masikio."

Basi ikafika siku ya mgao. Kila mtoto wa mji alipata kofia moja kwa miaka mitatu. Viwanda vya ukanda-hisi vilikuwa vichache na foleni ndefu. Zaituni alikwenda na Rukaya, pamoja na mama mkwe wake, Bi Tausi, ambaye hakualikwa lakini hakuwa mtu wa kusubiri mwaliko. Pale dirishani alisimama Mpimaji, roboti mwenye mikono sita, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kwa madaha tu, kwa kuwa alipima kwa mwanga.

"Namba nne," akasema Mpimaji. "Ukanda uguse paji la uso pande zote."

"Nne?" Bi Tausi akasogea mbele. "We chuma, una watoto wangapi?"

"Sina mtoto, Bibi."

"Basi nyamaza. Mimi nimelea saba, na hakuna hata mmoja niliyemnunulia nguo ya kumtosha. Nguo ya kumtosha leo, kesho inambana. Lete namba sita, atakulia humohumo."

Foleni ikacheka. "Msikilize bibi!" akaitikia mama mmoja mwenye kitoto mgongoni. "Wa kwangu ana miaka mitatu, mimi nimechukua saba!"

"Saba! Si utampoteza mtoto ndani?"

"Nitamwita kwa jina."

Zaituni alikuwa ameandika kanuni ya kipimo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa na kumbukumbu inayouma kuliko kanuni. Kofia ya kwanza ya majaribio ilimbana Rukaya baada ya miezi minane, na miezi minne iliyofuata walisubiri nyingine wakiwa wamejifungia, mapazia chini, mtoto akiuliza kila asubuhi, "Mama, leo jua limesafiri?" Zaituni aliapa moyoni kwamba miezi ile haitajirudia.

"Toa sita," akasema.

Mpimaji akaitoa rafuni. "Nimesikia. Nimeandika: mzazi amechagua."

Nyumbani, kofia ilimfikia Rukaya puani. Bi Tausi hakushtuka. Alichana kipande cha khanga yake ya zamani iliyolainika kwa kufuliwa, akakikunja mara tano, akakishonea kwa ndani, kuzunguka ukanda wote. Akamvisha mjukuu. Rukaya akatikisa kichwa kushoto, kulia, akaruka, kofia haikucheza.

"Umeona? Kama amezaliwa nayo."

Walitoka uani. Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo wa Singida ukipiga kama kawaida yake. Kofia ikafunguka, ikageukia jua. Bi Tausi akapiga makofi. Mhandisi aliyejua kila waya wa kofia ile aliutazama mshono wa mama mkwe wake na kuona mapenzi tu. Hakuona kitambaa.

Kazini, Zaituni aliketi mbele ya ukuta-nuru, ambao kila kofia ya mji ilikuwa nukta juu yake. Nukta ya kijani, kofia iko kichwani na imefunguka juani. Ya buluu, iko kichwani lakini mtoto yuko kivulini. Ya kijivu, imetundikwa. Wiki chache baada ya mgao, msimu wa joto ulipoingia, ukuta ulianza kufanya jambo zuri: kila siku, kuanzia saa tano, nukta za kijani zilififia na za kijivu zikaongezeka. Jua lilipofika utosini, ukuta mzima ulikuwa wa kijivu kama tumbo la mvua.

Mkurugenzi Msengi alisimama mbele ya ukuta huo akichezesha funguo mfukoni. "Unaona, mhandisi? Watoto wetu wameelimika! Jua likikaza tu, kofia msumarini, watoto ndani. Na shajara za kofia zinasema nini?"

"Jua lililogusa ngozi: sifuri," akajibu Zaituni.

"Sifuri! Sasa wale mama-vivuli tunawaweka wa nini?"

Mama-vivuli walikuwa wanawake sitini waliokaa mmoja kwa kila shule, na firimbi shingoni. Hawakuwa na mtambo wowote. Kazi yao ilikuwa kutazama shingo na masikio ya watoto, na wakiona yamebadilika, kupuliza firimbi na kuwafukuza watoto wote kivulini kama kuku. Zaituni alisita. Lakini hesabu zilikuwa zake, kofia zilikuwa zake, na nani anamkana mtoto wake mwenyewe? Akatia saini. Mwisho wa wiki firimbi sitini zikarudi stoo ndani ya ndoo moja.

Jumanne iliyofuata, akimwogesha Rukaya jioni, aliona wekundu nyuma ya shingo.

"Mama, hebu mwone huyu."

Bi Tausi akaja akijifuta mikono. "Joto hilo. Mpake mafuta ya nazi."

"Joto gani la kuchora mstari? Ona, limeishia pale kola inapoanzia."

"Basi kola inamkwaruza. Kofia yako inasemaje?"

Zaituni akaichukua kofia, akaiuliza. Sauti ndogo ikajibu kwa adabu: "Jua lililogusa ngozi leo: sifuri."

"Si hiyo?" akasema Bi Tausi. "Umetengeneza mwenyewe, halafu huiamini."

Zaituni aliiamini, lakini wasiwasi ulimkaa kooni kama mwiba wa perege: ukimeza unachoma, ukikohoa hautoki. Siku ya pili akabadilisha sabuni. Siku ya tatu akatupa mafuta. Siku ya nne alifua magauni yote upya kwa maji matupu, akidhani ni dawa ya kiwandani. Kila jioni aliiuliza kofia, wakati mwingine mara tatu mfululizo, kama mtu anayemwuliza mgonjwa kama kweli amepona. Sifuri, sifuri, sifuri. Na kila jioni mstari ule ulikuwa mwekundu zaidi, na nyuma ya sikio la kulia kikatokea kidoa cha gamba ambacho hakikutaka kupona.

"Linauma, mwanangu?"

"Mchana linachoma," akasema Rukaya. "Lakini kofia haisemi."

Zaituni alilisikia neno hilo, akalipita.

Ikafika siku ya gwaride la chekechea. Watoto mia nne walikusanyika kwenye uwanja mkubwa wa michezo kuimba mbele ya wazazi na wageni. Zaituni alibaki zamu, akiahidi kumfuata Rukaya baada ya wimbo wake. Saa tatu, pembe ya uwanja ule kwenye ukuta-nuru ilikuwa kijani tupu, nzuri kama shamba baada ya mvua. Saa tano kasorobo, nukta moja ikawa ya kijivu. Kisha kumi. Kisha zikawa zinageuka kwa mafungu, safu kwa safu.

Zaituni alitabasamu kwa mazoea: watoto wametundika kofia. Tabasamu halikumaliza njia yake. Katikati ya uwanja wa michezo kuna misumari gani? Wametundika wapi, hewani?

Akaitafuta nukta ya Rukaya. Ya kijivu.

Akabonyeza kitufe cha kusema na kofia ile. "Kofia, funguka."

"Sina mtoto," ikajibu kofia. "Nimetundikwa."

"Nakuamuru, funguka!"

"Sina mtoto. Nimetundikwa."

Na nyuma ya sauti hiyo tulivu alisikia, waziwazi, watoto wakiimba.

Hapo ndipo kila kitu kilipomfungukia, isipokuwa kofia. Khanga. Mikunjo mitano ya khanga. Asubuhi ya baridi, joto la kichwa linapenya kitambaa na ukanda unajua kuna mtu. Lakini jua likipanda, hewa inapata joto lilelile la mwili wa binadamu, na ukanda unaogusa kitambaa tu hauna namna ya kutofautisha kichwa na msumari. Kofia inafanya kazi vizuri jua likiwa pole, na inalala hasa jua linapokuwa kali. Na si kofia moja. Katika mji ambao kila mzazi hununua nguo ya kukulia, kila nyumba ilikuwa na bibi yake, na kila bibi ana sindano.

Alishuka ngazi mbili mbili. Nje alirukia bodaboda-jiendeshe, pikipiki isiyo na dereva.

"Karibu, abiria," ikasema. "Tafadhali funga kofia ngumu."

"Twende!"

"Kamba ya kidevuni haijabana. Usalama wako ni furaha yetu."

Zaituni aliivuta kamba hadi ikamkata kidevu. Alikuwa tayari kulia na kucheka kwa pamoja: chombo hiki kinajua kama kofia imebana, na vyake yeye, mhandisi mkuu, havijui.

Uwanjani, watoto mia nne walisimama kwenye jua kali, vifungo vidogo vya kofia vikiwa vimekaa juu ya vichwa vyao kama bamia. Masikio nje, shingo nje. Mashungi yote yalikuwa yamejikunja ndani. Nao walikuwa wakiimba, maana waliambiwa waimbe.

"Waondoe juani!" Zaituni alimkimbilia mwalimu aliyeshika kipaza sauti. "Mwalimu, waondoe!"

"Mhandisi? Kuna nini?" Mwalimu alimwonyesha kibao chake cha mkononi. "Kofia zimejikunja, maana yake jua si baya. Si nyinyi mliotufundisha? Soma hapa: sifuri."

"Angalia watoto, usiangalie hiyo!"

Mwalimu akainua macho, labda kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akaona shingo za safu ya mbele. Kibao kikamshuka mkononi.

Kivuli cha jukwaa kilikuwa mbali, ng'ambo ya uwanja mzima, na watoto wa miaka mitatu hawahamishwi mia nne kwa kupiga kofi. Zaituni alimpata Rukaya safu ya pili, uso umeiva. Akampokonya kofia, akang'oa mshono kwa meno, khanga ikatoka. Akamvisha tena, kofia ikamshuka puani, ikaning'inia, haikugusa kitu. Bado imelala. Akapenyeza kiganja chake ndani ya ukanda.

Kofia ikashtuka. Ukingo ukaruka vidole vinne, shungi likaporomoka shingoni, kivuli kikamwangukia mtoto kama maji.

Ilihitaji ngozi tu. Ngozi yoyote.

Akanyakua kipaza sauti. "Watoto! Nani anaweza kuweka mkono ndani ya kofia? Hivi! Mkono ndani, kwenye paji la uso! Ukitoa mkono umeshindwa!"

Mtoto haambiwi mara mbili neno "umeshindwa". Mikono ikaingia kwenye kofia, ya kulia, ya kushoto, wengine yote miwili. Kofia zikaanza kufunguka, moja, tano, safu nzima, pa-pa-pa, kama bisi sufuriani. Wazazi walishuka kutoka jukwaani wakikimbia, wakatandaza khanga, vitenge na makoti juu ya wale walioshindwa. Hivyo ndivyo walivyovuka uwanja: watoto mia nne, kila mmoja ameshika kichwa, kama watu waliopokea habari ya msiba.

Kivulini, Rukaya alikuwa hajatoa mkono.

"Mama, mimi nilisema," akanong'ona. "Nilisema linachoma. Mwalimu akasema kofia inajua. Kofia ikasema halichomi. Nikaona labda ni mimi."

Hakuna mtambo uliompiga Zaituni kama maneno hayo manne ya mwisho.

Watoto thelathini na mmoja walilazwa siku ile kwa malengelenge, na wote walipona. Rukaya alikaa zaidi. Daktari alikigeuza kile kidoa cha nyuma ya sikio chini ya lenzi.

"Hiki si cha leo. Kimekuwa kikichomwa kila mchana, wiki kwa wiki. Ngozi yake haina subira, na jua letu pia halina."

Wakakiondoa kabla hakijawa saratani, pamoja na kipande cha sikio kama ukucha wa kidole cha mwisho. Bi Tausi alikaa kwenye benchi la hospitali akifumua uzi kutoka kwenye khanga ile, mmoja mmoja, bila kuangalia anachofanya.

"Nilitaka imtoshe mpaka akue," akasema.

"Hata mimi, Mama," akajibu Zaituni, akamshika mkono, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesema "toa sita", na mama mkwe hakujua chochote kuhusu waya.

Mkurugenzi Msengi aliitisha kikao. Alikuwa na suluhisho. "Tutaweka ukanda wenye hisi kali mara kumi. Hautakosea tena."

"Ukanda haukukosea," akasema Zaituni. "Wiki zote zile uliniambia: hapa hakuna ngozi. Mimi ndiye niliyesoma: hapa hakuna hatari. Kutoona si sawa na kutokuwepo."

"Sasa unataka nini?"

"Kofia kila mwaka, ya kumtosha mtoto wa mwaka huo. Na ile ndoo ya firimbi."

Kofia za kila mwaka zilibishaniwa kwa miezi. Firimbi zilitoka stoo siku hiyohiyo. Na kila jioni, kabla ya kuiuliza kofia neno lolote, Zaituni alimkalisha binti yake dirishani, akasogeza nywele, akatazama nyuma ya masikio yote mawili, zima na lile lenye pengo, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza, "Leo limechoma?" Na jibu la mtoto ndilo alilokuwa akiliandika.

Hapo nilitaka kuweka nukta niinuke. Sikujua kwamba mke wangu amesimama nyuma ya kiti, anasoma.

"Baba Mwiru, huo mwaka 2087, wewe utakuwa na miaka mingapi?"

"Mia na thelathini na miwili. Lakini macho yatakuwa bado mazima."

"Na umeapa kwamba ni kweli."

"Ni kweli, mama. Ila haijatokea bado."

"Haya." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Na kofia uliyomletea mjukuu wetu jana kutoka mnadani?"

Akamwita mtoto, akamvisha. Kofia ilimmeza hadi kidevuni. Kutoka ndani ikasikika sauti: "Babu, giza."

"Mbona kubwa hivi?" akauliza mke wangu, macho yake kwangu.

Jibu alikuwa amekwisha kulisoma.

Basi nimerudi mnadani kwa miguu, jua la utosi, mzee mzima, nikapima kofia kwa kamba niliyopewa nyumbani, yenye kipimo cha kichwa cha mjukuu. Muuzaji alikataa kubadilisha, nikalipa upya: ukingo vidole vinne, shungi nyuma, inakaa kwenye paji la uso pande zote. Ile kubwa mke wangu amesema haitupwi. Hukumu yake ni kwamba nitaivaa mimi kila nitokapo nje, mpaka mtoto aikulie. Ina picha za bata. Watu wa kijiweni wameniuliza leo nimepatwa na nini, na kwa mara ya kwanza nimewaambia ukweli. Hakuna aliyeamini.